Rungwe Iligeuka Mwaka Gani?

Wiki ya nane ya semesta tulipewa swali la kwenda kuandika: taja na ujadili mambo makubwa yaliyogeuza historia ya awali ya Marekani. Swali lenyewe halina ubaya. Waliosoma historia kidato cha tano na sita wanalijua vizuri, na desa lake linazunguka kwenye vimbweta tangu enzi za kaka zetu. Linaanza 1607, Waingereza wanatua Jamestown. Linapita 1619 na 1620, linaruka hadi 1763, kisha 1773, 1776, 1787, basi, tumemaliza. Nilijaza kurasa nane. Alama zilizorudi zilikuwa nzuri, sitalalamika.

Siku nne baada ya kukusanya kazi ile nilipigiwa simu kutoka nyumbani, chini kidogo ya Katumba, wilayani Rungwe. Babu amefariki. Tulizika kwenye mvua, kama kawaida ya Tukuyu, na matanga yalipoanuliwa wazee wakaita kikao cha ukoo. Ajenda ilikuwa moja: shamba la chai. Si kubwa, ekari mbili na kidogo, mteremkoni, lakini ndilo lililosomesha watu, mimi nikiwemo.

Baba mkubwa alifungua kikao kwa kusema kwamba jambo hili halina mjadala. Kwa mila za Wanyakyusa, alisema, ardhi ni ya watoto wa kiume, tangu mababu wa mababu. Shangazi yangu, aliyechuma chai ile na babu kwa zaidi ya miaka ishirini tangu aliporudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyovunjika, hakubishana. Alinigeukia mimi. "Wewe si unasoma historia huko chuoni? Hebu waambie, ilikuwa hivyo tangu lini?"

Jamani, nilinyamaza. Nilijua mwaka ambao John Rolfe alipanda tumbaku Virginia. Sikujua babu mzaa babu alifikaje kwenye kile kilima.

Haya ninayoandika ndiyo ambayo ningetakiwa kuyajua siku ile. Nayaandika kama somo kwa sababu naamini wengi wetu tuko hivyohivyo, awe wa Rungwe, wa Kahama au wa Newala.

Tuanze na neno lenyewe. Tunapoambiwa "jambo lililogeuza historia" tunakimbilia kutafuta mwaka, na mwaka wenyewe mara nyingi ni ule ambao mgeni amefika, bunduki imelia, au karatasi imesainiwa. Hayo ni matukio, na matukio ni rahisi kukariri. Mgeuko ni kitu kingine. Kipimo ninachokitumia mimi siku hizi ni hiki: baada ya hapo, ni jambo gani ambalo watu wa kawaida walikuwa wakilifanya, ambalo halikuwezekana tena? Kama hakuna, basi lile lilikuwa tukio tu, hata kama lilikuwa na kelele nyingi.

Jaribu kipimo hiki kwa Jamestown. Mwaka 1607 watu wa Kampuni ya Virginia walitua wakitafuta dhahabu. Dhahabu haikuwepo. Majira ya baridi ya 1609 kuamkia 1610 walikufa kwa njaa kiasi kwamba kati ya watu karibu 500 walibaki wapatao 60, na waliobaki walikuwa tayari wameshapanda meli kurudi kwao, wakageuzwa njiani na meli nyingine iliyokuwa inaleta chakula na watu wapya. Sasa niambie, huo 1607 uligeuza nini? Kama wangeondoka wakati ule, Wapowhatan wenye nchi wangewakumbuka kama wageni wachafu waliokaa miaka mitatu wakaenda zao.

Kilichowabakiza ni mmea. Kuanzia mwaka 1612 hivi Rolfe alijaribu mbegu ya tumbaku tamu iliyotoka upande wa visiwa vya Karibi, na mwaka 1614 mzigo wa kwanza ukapelekwa Uingereza. Ukauzika. Tumbaku ina tabia moja ambayo mkulima yeyote wa Urambo au Chunya atakwambia: inachosha udongo upesi. Baada ya misimu mitatu au minne lazima uhame ufyeke pengine. Kwa hiyo kila aliyelima tumbaku alihitaji ardhi zaidi ya ile aliyokuwa nayo, kila mwaka. Kampuni ikaanza kutoa ekari 50 kwa kila kichwa ambacho mtu amekilipia nauli ya kuvuka bahari. Ardhi ilitoka wapi? Kwa Wapowhatan. Na mikono ya kuilima? Kwanza vibarua wa Kiingereza waliofungwa kwa mkataba wa miaka, na Agosti 1619 wakashushwa Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola. Tarehe 22 Machi 1622, Opechancanough, kiongozi wa Wapowhatan, alipoona nchi inaliwa kipande kwa kipande, alishambulia mashamba yale kwa siku moja na kuua watu 347. Alikuwa ameelewa mgeuko uko wapi kuliko desa letu. Aliyeonekana mbele yake alikuwa Mwingereza, lakini kilichomsukuma Mwingereza yule kusonga kila msimu kilikuwa shamba la tumbaku.

Nimekaa kidogo hapo Virginia kwa sababu nataka uibebe hoja hiyo tunapopanda kosta ya Tukuyu.

Ukimwuliza mwalimu wa historia mambo yaliyogeuza Rungwe atakupa miaka, na yote ni ya kweli. Mwaka 1891 wamisionari wa Moraviani, wakiongozwa na Theodor Meyer, walijenga kituo chini ya Mlima Rungwe, na mwaka huohuo wenzao wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, nao wakaingia nchini. Mwaka 1893 Wajerumani wakaweka boma kando ya Ziwa Nyasa, wakaliita Langenburg, na baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, wakalihamishia juu kwenye baridi na kuliita Neu-Langenburg. Hapo ndipo Tukuyu. Sisi wenyewe walituita Wakonde, jina ambalo leo ukimwita nalo mtu wa Kiwira atakushangaa. Mwaka 1897 kulitokea mapigano, mikuki ikakutana na bunduki, na matokeo unayajua bila kusoma. Mwaka huohuo serikali ya Kijerumani ikatangaza kodi ya nyumba, ilipwe kwa rupia. Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey likavuka kutoka Nyasaland, Wajerumani wakaondoka, bendera ikabadilishwa.

Hii ya mwisho ndiyo mfano mzuri wa tukio lisilo mgeuko. Kwa mwanamke aliyekuwa analima migomba Masoko, mabadiliko ya 1916 yalikuwa kwamba mume au kaka alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, wengine hawakurudi, na aliyedai kodi sasa alisema lugha nyingine. Machungu makubwa, sikatai. Ila utaratibu wa nyumba, kijiji na shamba uliendelea.

Basi tuangalie utaratibu huo wenyewe ulikuwaje, maana hapa ndipo pana utamu.

Godfrey na Monica Wilson waliishi Unyakyusa kwa vipindi kati ya 1934 na 1938, na mama huyo akaandika vitabu kadhaa juu yetu, cha kwanza mwaka 1951. Alichokiona kilimshangaza hata yeye. Wanyakyusa hawakukaa kwa koo kama majirani zao wengi. Walikaa kwa rika. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi, kumi na moja, alitoka nyumbani kwa baba yake na kwenda kujenga vibanda na wenzake pembeni. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima kwa zamu, leo kwa mama huyu kesho kwa yule, lakini kulala ni kwao. Wakikua wanaoa, wanaleta wake zao palepale, na kile kilichoanza kama vibanda vya watoto kinakuwa kijiji kamili, ikipanga. Baba yuko kijiji kingine. Watoto wao nao wakifika miaka kumi watatoka.

Sababu walizotoa wazee zilikuwa mbili. Moja ni raha ya kukaa na wenzako wa umri mmoja, kula pamoja, kunywa pamoja, kuzungumza bila kuogopa. Ya pili ni heshima: mke wa kijana hakutakiwa kuonana kabisa na baba mkwe wake, na kama mnaishi uwanja mmoja mtafanyaje?

Sasa angalia ardhi. Kila kizazi, watoto wa chifu, malafyale, walipofika miaka thelathini na kitu, ilifanywa sherehe iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka. Moto wa zamani ulizimwa nchi nzima na mpya ukawashwa kwa kupekecha vijiti. Nchi ya baba iligawanywa kwa watoto wake wawili wakubwa, vijiji vya vijana vikapewa ardhi rasmi na viongozi wao, na wazee wakasogea pembeni kuwapisha. Wazee ndio waliohama! Chifu mzee mwenyewe hakutarajiwa kuishi siku nyingi baada ya hapo.

Kwa mpango huo, baba angekurithisha vipi shamba? Shamba lake liko kwenye kijiji cha rika lake, wewe uko kwenye kijiji cha rika lako. Kilichorithiwa kilikuwa ng'ombe, na hata hao walipita kwanza kwa ndugu wa marehemu kabla ya kuteremka kwa watoto. Ardhi ilikuwa ya kijiji, na ulikuwa nayo kwa sababu uko hapo na wenzako. Wapo watafiti waliokuja baadaye wakahoji kama mambo yalikuwa yamenyooka namna hiyo kila mahali, na mimi nakubali kwamba wazee wakisimulia zamani huwa wanainyoosha kidogo. Lakini kwamba vijiji vya rika vilikuwepo hakuna ubishi. Nyumbani kwetu yupo jirani, mzee aliyepita miaka tisini, aliniambia bila mimi kumchokoza: "Mimi nililala kule bondeni na wenzangu, kwa mama nilienda kula tu." Alinionyesha hilo bonde. Sasa ni chai mtindo mmoja.

Mfumo huu ulidai kitu kimoja: nafasi. Kila kizazi kinahitaji mahali pa kutokea. Zamani nafasi ilikuwepo, watu walisukumana taratibu kwenye vilima vya majivu ya volkano, udongo ambao ukidondosha fimbo inaota.

Nani aliua ubusoka? Misheni ilianza kuudonoa. Walioamini walijenga kuzunguka kituo, na pale baba na mtoto walikaa jirani chini ya kanuni za mmisionari. Kodi na migodi ikaongeza. Dhahabu ya Lupa, kule Chunya, kuanzia miaka ya 1920, na baadaye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini, ilimpa kijana fedha yake mwenyewe, akanunua ng'ombe wa mahari bila kumngoja baba. Kisha Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, wakaleta mwaka 1926 sheria ya kutawala kupitia machifu. Chifu akawa na mipaka, mahakama na mshahara wa mwezi. Mtu anayepokea mshahara, na anayejua kwamba baada ya ubusoka hatarajiwi kuishi, atakuwa na haraka gani ya kuuitisha? Mimi nisingeuitisha.

Hayo yote yalidhoofisha. Kilichopigilia msumari, kwa maoni yangu, ni mti wa kahawa.

Kahawa ilipita misheni, ikatoka mikononi mwao, na kuanzia miaka ya 1920 na 1930 Wanyakyusa wa milimani wakaipanda kwa wingi. Tofauti na tumbaku ya Rolfe, kahawa haikuhamishi. Inakufunga. Unapanda leo, unasubiri miaka mitatu bila kupata kitu, halafu inakulipa miaka thelathini. Mtu aliyepanda mibuni mia mbili hawezi kuambiwa asogee kuwapisha vijana. Atasogeaje na mibuni? Na akifa, mibuni itaenda kwa nani, kwa kijiji? Itaenda kwa mwanawe aliyemsaidia kupalilia. Na mwanawe, akijua hivyo, haendi kulala bondeni na wenzake, anabaki pembeni ya baba kulinda mali. P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake juu ya umiliki wa ardhi mwaka 1958, alikuta jambo hilo limeshatokea: ardhi ya milimani inapita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na vijiji vya rika vinayeyuka. Monica Wilson alivikuta vikiwa hai miaka ishirini tu nyuma.

Chai ikaja juu ya hapo. Ilipandwa kwa majaribio Kyimbila tangu 1904, na mashamba makubwa ya biashara yalianza kushamiri nchini kuanzia 1926, lakini muda mrefu ilikuwa ya walowezi. Mkulima mdogo wa Rungwe aliipata kwa upana baada ya Uhuru. Mti wa chai ukitunzwa unamzidi umri aliyeupanda. Kwa kufunga watu kwenye ardhi, chai ni kahawa mara mbili. (Desemba 16, 1773, watu wa Boston walimwaga baharini makasha 342 ya chai. Mtu wa Katumba akisoma hapo anaguna kwanza kwa hasara ndipo aulize siasa. Chai ile ilitoka Uchina, usitafute uhusiano.)

Machifu wenyewe walifutwa kwa sheria mwaka 1963. Ukikipima kwa kipimo chetu utaona kwamba Rungwe kilifuta kitu ambacho ndani yake kilishabaki kitupu.

Kwa hiyo nikiulizwa leo Rungwe iligeuka mwaka gani, nitajibu kwamba iligeuka katika miaka thelathini hivi, kati ya 1925 na 1955, polepole, shamba kwa shamba, bila mtu kupiga risasi. Mwenye kusahihisha atataka mwaka mmoja. Sina.

Turudi kwenye kikao, maana hakikuisha. Niliporudi likizo niliwaeleza wazee haya, kwa adabu, nikiwa nimekaa chini. Nilisema kwamba babu mzaa babu, kwa hesabu ya umri, ni katika wale waliozaliwa kwenye ifipanga, na kwamba hakurithi kilima kile kwa mtu. Alikifikia na rika lake, akapanda kahawa, akabaki. Wa kwanza kurithi ardhi kwa baba yake katika ukoo wetu ni babu tuliyemzika. Mila ya "tangu mababu wa mababu" ina umri wa mtu mmoja.

Sikusema kwamba zamani wanawake walirithi ardhi. Hawakurithi, na kudai hivyo ungekuwa uongo wa aina ileile, wa kutengeneza zamani inayonifaa. Nilichosema ni kwamba hata wanaume hawakurithi. Utaratibu huu ulitengenezwa na watu, kwa sababu ya mibuni, ndani ya kumbukumbu ya yule mzee jirani, na waliotengeneza hawakumwuliza malafyale yeyote. Nikaongeza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho inachomnyima.

Baba mdogo alicheka, akasema chuo kimeniharibu. Baba mkubwa hakucheka. Aliuliza swali ambalo sikulitegemea: "Hao wenye vijiji vya rika, mtu akifa, mjane alikaa wapi?" Nikajibu kwamba kwa kawaida alirithiwa na ndugu wa marehemu. Akatikisa kichwa. "Basi na hilo uliseme, usichague." Ni kweli, nilikuwa nimelipita haraka. Nimeliandika hapa.

Shangazi alikuwa ameshika kikapu cha kuchumia muda wote ule, maana kesho yake ilikuwa siku ya gari la majani mabichi. Walikubaliana kwamba mpaka Desemba, watoto wote wa marehemu watakapokuwepo, achume yeye na fedha ziandikwe kwenye daftari. Daftari hilo wamenipa mimi. Desemba, mmoja wa baba zangu akitaka kwenda baraza la ardhi la kata, shangazi naye amesema atakwenda, na ameniomba nimwandikie kwa herufi kubwa jina la yule mzee wa bondeni kwenye orodha ya mashahidi.